UTI isiyoisha na karatasi iliyofichwa kwenye begi la mtoto

Swali, kutoka kwa msomaji wa Sakina, Arusha:

"Shikamoo daktari. Nina miaka 31, nimeolewa mwaka wa sita sasa, nina mtoto mmoja. Tangu mwaka jana nasumbuliwa na UTI sugu. Nimepima mkojo mara nne sehemu tofauti, kila nikipima ni UTI. Nachomwa sindano, nameza vidonge, napata nafuu wiki mbili tatu, kisha hali inarudi: uchafu wenye harufu, muwasho, na siku hizi maumivu chini ya kitovu. Mwezi huu nimeenda kliniki nyingine, wakanipima ukeni, wakasema ni magonjwa ya zinaa. Wamenipa dawa na karatasi ya kumpelekea mume wangu. Muuguzi aliniuliza mbele za watu nina wapenzi wangapi, nikasema mmoja, akanitazama kama naongopa. Daktari, sijawahi kutoka nje ya ndoa. Mume wangu ni dereva wa watalii, yuko Serengeti, anarudi Jumamosi ya wiki ijayo. Dawa nimeanza ila karatasi nimeificha kwenye begi la mtoto. Ina maana ananisaliti? Na inakuwaje UTI yangu imegeuka kuwa zinaa?"

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Pole sana kwa mwaka mzima wa kuumwa.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara macho yananirudisha kwenye lile begi la mtoto. Nimefanya kazi kwenye kliniki za Moshi na Arusha miaka mingi, na karatasi za aina hiyo nimezikuta kila mahali: chini ya godoro, katikati ya Biblia, ndani ya kiatu, na nyingine kwenye pipa la taka hatua chache kutoka mlangoni petu. Itoe. Ile karatasi, inayomwita mumeo naye atibiwe, ni nusu ya dawa yako. Nusu moja umeanza kuimeza, nusu nyingine iko pamoja na nepi.

Nianze na mkojo, maana hapo ndipo mwaka wako ulipopotelea.

Ukienda kupima mkojo, mara nyingi maabara huchovya kijiti kwenye kikopo na kuangalia rangi zinavyobadilika. Moja ya rangi hizo inaonyesha uwepo wa seli nyeupe, zile zinazopambana na vijidudu. Zikionekana nyingi, wengi wetu huandika UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na kufunga daftari. Lakini kijiti hakijui seli hizo zimetoka wapi. Mkojo wa mwanamke unatokea jirani kabisa na uke. Kama ukeni kuna uchafu uliojaa seli nyeupe, unadondoka kwenye kikopo pamoja na mkojo, na kijiti kinabadilika rangi vilevile. Zaidi ya hapo, klamidia na kisonono huweza kukaa kwenye njia ya mkojo yenyewe na kukufanya uungue unapokojoa, wakati kipimo cha kuotesha mkojo maabara hakioteshi chochote. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na majibu ya "UTI" mara nne mfululizo na kibofu chake kikawa hakijawahi kuumwa hata siku moja.

UTI yenyewe kwa kawaida husababishwa na bakteria wa tumbo lako mwenyewe waliopanda kwenye njia ya mkojo. Inauma ukikojoa, inakupeleka chooni kila baada ya dakika kumi, pengine na damu kidogo. Haileti uchafu ukeni. Haileti harufu ya samaki baada ya tendo la ndoa. Na wala huipati kwa kuchuchumaa kwenye choo cha stendi, ingawa najua kuna akina mama wengi Arusha na Moshi wanaobana mkojo kutoka asubuhi hadi jioni kwa kuogopa vyoo vya umma, na huko kubana ndiko kunakoweza kuwaletea shida. Uliponiandikia uchafu, harufu na muwasho kwa pamoja, nilijua mahali pa kuangalia ni ukeni. Ilibidi mtu akuombe upande kitandani, afungue uke kwa kile kifaa, atazame mlango wa kizazi kwa taa, achukue majimaji na kuyaweka chini ya hadubini. Kliniki ya mwisho walifanya hivyo. Wewe umeondoka umeumia kwa neno walilosema, na nakuelewa, lakini kati ya sehemu tano ulizopita ni wao tu waliokutazama.

Hilo neno UTI sugu linanitia uchungu. Limekuwa gunia la kutupia kila kitu, na kuna watu wanaishi kwa gunia hilo. Wanauza kwenye simu unga wa siku saba wa kung'oa UTI na mizizi yake, pamoja na vidonge vya kuweka ukeni vya kutoa uchafu wote. Mwanamke ananunua, uke unachubuka, uchafu unaongezeka, anaambiwa hiyo ndiyo dawa inafanya kazi. Na wakati huohuo wengine wanapewa sipro, dawa ya kuua bakteria, dukani kila mwezi. Sipro iliwahi kuwa dawa nzuri ya kisonono. Leo, sehemu nyingi duniani, kisonono kimeshaizoea kiasi kwamba haikitibu tena, na kila dozi isiyo na sababu inaongeza usugu huo. Ndiyo maana hapa sitaandika dozi ya dawa yoyote.

Sasa hili la zinaa. Neno lenyewe linahukumu kabla ugonjwa haujatajwa. Zinaa ni dhambi, kila mtu aliyepita madrasa au mafundisho ya kipaimara anajua, kwa hiyo mke aliyetulia nyumbani kwake akiambiwa ana ugonjwa wa zinaa anasikia kwamba ndani ya nyumba yake kuna mzinifu, na kama si yeye basi ni mwenzake. Mimi husema magonjwa ya ngono, au maambukizi ya njia ya uzazi, na ningependa wenzangu wote waseme hivyo. Siwaonei aibu wagonjwa. Nataka tu neno lisizidi kile kilichoonekana maabara.

Na kilichoonekana ni nini? Rudi uwaulize, una haki ya kujua. Uchafu wenye harufu unaweza kuwa mojawapo ya mambo kadhaa, na hayafanani. Fangasi ni wa mwili wako mwenyewe. Huwasha, huleta uchafu mweupe mzito kama maziwa ya mgando, na kwa kawaida hawahesabiwi kuwa ugonjwa wa ngono. Kuna kuvurugika kwa bakteria wa asili wa ukeni: wale wazuri wanaolinda uke wanapungua, wengine wanashika nafasi, na harufu ya samaki inatoka hapo. Hiyo nayo mwanamke anaweza kuipata bila mtu kutoka nje ya ndoa, na inachochewa sana na kujiosha ndani. Kuna trikomona, kidudu ambacho ukiweka tone bichi chini ya hadubini bila kuchelewa unakiona kikichezacheza. Hicho huambukizwa kwa ngono. Halafu kuna klamidia na kisonono, ambazo hukaa kwenye mlango wa kizazi, na kwa wanawake wengi hazina dalili kabisa.

Vituo vyetu vingi havina kipimo cha kutofautisha hayo yote siku hiyohiyo. Kwa hiyo tunatibu kwa dalili: mgonjwa akija na uchafu na maumivu, tunampa dawa zinazofunika visababishi vinavyowezekana, asije akaondoka na kimoja kilichosalia. Utaratibu huu tusiudharau. Kati ya 1991 na 1994, mkoani Mwanza, jamii 12 ziligawanywa makundi mawili: nusu yao zahanati na vituo vyao vya kawaida viliboreshwa namna ya kutibu magonjwa ya ngono, kwa mafunzo, dawa na usimamizi, nusu nyingine zikasubiri. Kwenye jamii zilizoboreshewa, maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa karibu 40 kati ya 100. Utafiti huo ulitikisa dunia, na dawa zilitolewa na wahudumu wa zahanati kama hizi zetu. Kidonda au mchubuko sehemu za siri ni mlango wa VVU. Ukitibiwa mapema, mlango unafungwa.

Lakini kutibu kwa dalili kuna udhaifu mmoja unaokuhusu wewe moja kwa moja. Kwa mwanaume anayetokwa usaha, njia hiyo inapatia mara nyingi. Kwa mwanamke anayetokwa uchafu inakosea mara nyingi, kwa sababu uchafu mwingi hautokani na klamidia wala kisonono. Inawezekana kabisa, basi, kwamba umeandikiwa "magonjwa ya zinaa" kwa tahadhari tu, na tatizo lako ni ule mvurugiko wa bakteria. Inawezekana pia ni trikomona. Majibu ya hadubini yako kwenye daftari lao. Yaombe.

Kabla sijaenda kwa mume wako, nisikilize kuhusu maumivu ya chini ya kitovu. Hayo siyapendi. Vijidudu vya mlango wa kizazi vikipanda juu hufika kwenye mji wa mimba na mirija, na huko wanaacha makovu. Mirija iliyoziba ndiyo inayowaleta akina dada kwetu miaka mitano baadaye wakitafuta mtoto wa pili. Tiba ya hali hiyo kwa kawaida ni dawa za aina zaidi ya moja, nazo huendelea kwa siku 14. Hesabu vidonge ulivyopewa. Kama vimeisha siku ya saba na maumivu bado yapo, rudi. Ukipata homa, kutapika, maumivu makali ya ghafla, au kama siku zako zimechelewa, usisubiri foleni ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo, maana mimba iliyotunga kwenye mrija huanza kwa maumivu ya namna hiyohiyo. Na kama kuna uwezekano wa mimba, sema kabla ya kumeza, kwa sababu doksi, moja ya dawa zinazotumika hapa, haifai kwa mjamzito.

Haya. Je, mume wako anakusaliti?

Siwezi kukuambia kwamba hajatoka. Wala siwezi kukuambia kwamba ametoka. Daktari yeyote anayekuangalia wewe tu na kutoa hukumu hiyo anakupa kitu ambacho hadubini haina. Maambukizi hayaji na tarehe. Klamidia inaweza kukaa ndani ya mtu zaidi ya mwaka bila yeye kujua. Trikomona kwa wanaume wengi haioneshi dalili yoyote, na kwa mwanamke inaweza kuvumilia miezi mingi, hata miaka. Malengelenge ya sehemu za siri yanaweza kulala mwilini muda mrefu, kisha yakaamka siku mtu ana homa au mawazo. Mtu anaweza kuwa aliambukizwa kabla hamjakutana, akaoa, akazaa, akiwa mwaminifu tangu siku ya ndoa.

Utaniambia: mbona nilipimwa kila kitu nilipokuwa na mimba? Ulipimwa VVU na kaswende, na hivyo ni vipimo vya maana sana. Klamidia, trikomona na kisonono havimo kwenye vipimo vya kawaida vya wajawazito. Kwa hiyo kama leo ungekutwa na kaswende wakati ule wa mimba ulikuwa salama, hapo ningesema wazi kwamba imeingia baada ya hapo. Kidonda kibichi cha kaswende, kile kisichouma, nacho hutokea kati ya siku 10 na 90 baada ya kuambukizwa, kwa hiyo kina habari ya karibuni. Uchafu wa mwaka mzima hauna habari ya namna hiyo.

Na kama ni ule mvurugiko wa bakteria, ndiyo kabisa. Machi 2025 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Australia kwa wapenzi 164 ambao mwanamke alikuwa na tatizo hilo na kila mmoja alisema ana mwenzi huyohuyo mmoja. Nusu ya wanaume walipewa vidonge na krimu ya kupaka uumeni kwa siku saba, nusu hawakupewa. Ndani ya wiki 12 tatizo lilikuwa limewarudia wanawake 63 kati ya kila 100 ambao wanaume wao hawakutibiwa, na 35 kati ya 100 ambao wanaume wao walitibiwa. Utafiti ulisimamishwa mapema kwa sababu tofauti ilikuwa dhahiri. Ushahidi huu ni mpya, na si kila kliniki imeshaanza kuufuata, lakini nilipousoma niliwakumbuka wanawake wengi niliowarudishia dawa ileile mara tano, na kila mara waliporudi nyumbani hatukumgusa mwanaume aliyekuwa na bakteria haohao kwenye ngozi.

Usimhukumu kwa kazi yake pia. Najua Arusha watu wanavyosema kuhusu madereva wa watalii. Nimetibu wagumu, yaani wapagazi, wa Mlima Kilimanjaro, walimu wa sekondari, wafanyabiashara wa Soko la Kilombero na wazee wa kanisa. Kazi ya mtu haijawahi kunipa jibu la maabara. Inachobadilisha kazi yake ni kitu kingine: wiki mbili porini ni rahisi kwa mwanaume kumeza vidonge vya kuombaomba kwa wenzake, au kuahirisha mpaka msimu uishe.

Nataka nikae kidogo kwenye lile swali la muuguzi, kwa sababu ndilo limekufanya ufiche karatasi, na kwa sababu nililikosea mimi mwenyewe kwa miaka.

Zamani nikiwa kijana, Moshi, nilimtibu mzee mmoja anayetokwa usaha mara nne ndani ya mwaka. Kila mara nilimuuliza, "Una mke mmoja?" Kila mara akajibu, "Mmoja tu, daktari." Hakusema uongo. Mke alikuwa mmoja, yuko kijijini, anakuja mjini sikukuu. Yule mama mwingine wa mjini hakuwa mke, na mimi sikuuliza juu ya mtu asiye mke. Mara ya tano alikuja mkewe, na maumivu kama yako, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa natibu jibu la swali langu baya.

Tangu hapo nauliza tofauti. Mara ya mwisho kukutana kimwili ilikuwa lini? Ilikuwa na nani? Kabla ya huyo, katika miezi mitatu hii, kuna mwingine? Mlitumia kondomu? Unadhani mwenzako naye anaye mtu? Mlikuwa mmekunywa? Hilo la pombe naliuliza kila mtu tangu watafiti walipofanya kazi na wanawake wa baa na hoteli hapa Moshi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakaitazama pombe kwa karibu. Chupa ya tatu huamua mambo mengi ya kondomu. Nauliza pia njia ya tendo, maana koo na njia ya haja kubwa nazo huambukizwa, na hakuna mgonjwa atakayelisema hilo bila kuulizwa kwa sauti ya kawaida.

Watu hawasemi ukweli wote, na siwalaumu. Kule Kisesa, mkoani Mwanza, watafiti waliwahi kulinganisha majibu ya wanaume na wanawake wa jamii moja, na hesabu za wapenzi hazikukutana: wanaume wametaja wengi, wanawake wachache. Kila mtu anajibu kulingana na aibu yake. Mwanaume anaona aibu ya kuonekana hana mtu, mwanamke anaona aibu ya kuonekana anao. Kijana wa kiume anayelala na wanaume hatanieleza kitu kabisa kama nimeanza na "mkeo hajambo?" Mwanafunzi wa miaka 17 hatajibu kama mama yake amekaa pembeni. Kwa hiyo jibu la kweli linategemea sana nani anauliza, wapi, na mlango umefungwa au uko wazi.

Muuguzi wako aliuliza swali sahihi mahali pasipofaa kabisa. Alikosea, na wewe hukuwa na deni la kumjibu pale kwenye benchi. Siku nyingine sema tu, "Naomba tuongelee ndani." Asipokuelewa, omba kumuona mganga mfawidhi wa kituo. Lakini ndani, mlango ukifungwa, jibu kila kitu, kwa sababu jibu lako ndilo linaloamua unapimwa nini na unapewa nini. Umesema una mwenzi mmoja. Mimi nakuamini. Na hilo ndilo linalonifanya nisisitize habari ya mume wako: kama kidudu ni cha kuambukizwa kwa ngono na mwenzi wako ni mmoja, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba yeye naye anacho au aliwahi kuwa nacho, hata kama anajiona mzima kama jiwe. Wewe ukimaliza dozi, ukakutana naye kabla hajatibiwa, Februari inarudi ilivyokuwa Januari.

Sio wewe peke yako. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu wa umri wa miaka 15 hadi 49 walipata maambukizi mapya milioni 374 ya magonjwa manne yanayotibika: klamidia, kisonono, kaswende na trikomona. Ni zaidi ya milioni moja kila siku, na trikomona ndiyo ya kwanza kwa wingi. Wengi wa hao wamelala usingizi usiku wa leo bila kujua.

Sasa namna ya kumwambia. Usimwambie kwa simu akiwa barabarani na wageni. Usimwambie usiku kitandani, wala dakika ile anaposhusha begi. Mwache aoge, ale, alale. Jumapili mchana, mtoto akiwa amelala au yuko kwa bibi, kaa naye mkiwa wawili. Umwite unavyomwita siku zote, kwa jina la mtoto. Maneno yako yawe machache: "Baba fulani, ile UTI yangu kumbe haikuwa UTI. Kliniki wamekuta maambukizi ya ukeni. Wamesema nikitibiwa peke yangu yanarudi, ndiyo maana yamerudi mwaka mzima. Hii ni karatasi yako." Halafu nyamaza.

Siku hiyo usiulize ni nani. Najua utataka. Ukianza na nani, yeye atajitetea, mtagombana, na Jumatano atarudi Ngorongoro bila dawa. Mambo ya ndoa yana siku yake, na unayo haki ya kuyauliza kwa kirefu mkishapona, mbele ya wasimamizi wenu wa ndoa kama mnao wa kuaminika, au mshauri nasaha. Yeye naye anaweza kukugeuzia kibao: "Umeyatoa wapi?" Jibu lako ni hilo hilo nililokupa: kliniki wamesema haiwezekani kujua tangu lini, kinachotakiwa ni wote wawili kutibiwa. Ukiona ni vigumu kusema, mwambie daktari anataka kumuona kwa sababu ya matibabu yako, mengine tutayasema sisi. Wanaume wengi huja wakiitwa hivyo.

Kama unamjua ni mtu wa kupiga, usifanye hili peke yako nyumbani. Rudi kliniki waeleze, wao wamtafute bila wewe kuwa mjumbe; na pale polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, kazi yake ni hiyo.

Ile karatasi ina maelezo ya tiba inayohitajika, kwa kawaida bila kutangaza habari zako. Hana lazima ya kuja kliniki yako ikiwa ratiba yake haimruhusu. Anaweza kuipeleka kituo kingine cha afya, hata Karatu njiani, na wataielewa. Asinunue tu dukani kwa kufuata jina la dawa uliyopewa wewe. Akiwa anatokwa usaha au ana kidonda ambacho hajakuambia, tiba yake inaweza kutofautiana na yako.

Mpaka nyote wawili mmemaliza dawa na zimepita siku saba, msikutane, au mkishindwa, kondomu kila mara. Acha kabisa kujiosha ndani: sabuni, ndimu, shabu, vipipi, maji ya dawa, vyote. Maji ya kawaida, nje tu. Najua somo na mashangazi wanafundisha vingine, na kwa upendo, lakini uke unajisafisha wenyewe na hao bakteria wazuri ndio mafundi wake.

Mkiwa huko, pimeni VVU na kaswende wote wawili, hata kama mnajiona salama. Na wewe umeshafika umri wa kupimwa dalili za awali za saratani ya mlango wa kizazi, kipimo kinachofanywa kwa kupaka siki, dakika chache tu. Waulize. Virusi vinavyoileta ni vya ngono pia, na chanjo yake ilitolewa kwa majaribio hapa mkoani Kilimanjaro kuanzia mwaka 2014 kabla ya kwenda nchi nzima 2018. Kama mtoto wako ni wa kike, siku moja itakuwa zamu yake.

Baada ya miezi mitatu rudi upimwe tena hata kama huna dalili, kwa sababu watu wengi huambukizwa upya ndani ya muda huo. Na harufu ikirudi kabla ya hapo, usikubali kikopo cha mkojo peke yake. Omba kupimwa ukeni.

Akikubali Jumapili, nendeni Jumatatu asubuhi na mapema, kabla foleni haijajaa. Mwambie asikojoe kwa saa moja au mbili kabla ya kuonwa, maana mkojo ukishapita unaosha kile tunachotaka kukitazama.